Mzigo wa Mazoezi na Utimamu wa Mchezaji wa Mpira

Jambo nitakaloleza hapa kwa desturi huachiwa makocha na matabibu, nami ni mtu wa lugha. Nimelishika kwa sababu nilikutana nalo katika kazi yangu. Nilikuwa Mafinga, mji mkuu wa wilaya ya Mufindi, kiasi cha kilomita 80 kutoka Iringa kwa barabara iendayo Mbeya, nikikusanya maneno ya mafundi wa mbao. Jioni nilikuwa na desturi ya kukaa kando ya kiwanja kimoja kuwatazama vijana wakifanya mazoezi ya mpira. Barabarani malori yalipita yamesheheni magogo ya msitu wa Sao Hill, na neno nililokuwa nimelisikia mchana kutwa kwa wapakiaji nikalisikia tena kinywani mwa kocha. "Leo naongeza mzigo," alisema. Wachezaji waliguna, wakaanza kukimbia.

Hapana aliyeuliza maana ya neno hilo, kwa kuwa kila mtu alidhani anaijua. Walakini kwa muda wa majuma niliyokaa pale niliona ya kwamba kocha alisema jambo moja na miili ya wachezaji ikasikia jingine, na kwamba tofauti hiyo ilimgharimu kijana mmoja nafasi ambayo huenda asiipate tena. Nitafika kwake baadaye. Kwanza yatupasa kulitazama neno lenyewe.

Mzigo ni kitu kichukuliwacho na mtu, mnyama au chombo. Lakini kila mzigo una nyuso mbili. Gogo la kilo 40 ni kilo 40 katika mizani, awe analichukua nani. Uso wa pili hauonekani katika mizani: gogo lile lile humlemea mmoja wala halimlemei mwingine, na humlemea mtu yule yule leo asubuhi kwa namna isiyokuwa ya jana. Kiswahili kina kitenzi cha uso huu wa pili, nacho ni kulemea. Hatusemi "mzigo walemea" tukaishia hapo. Hapana budi awepo mwenye kulemewa. Uso wa kwanza waweza kusemwa bila kumtaja mtu, wa pili hauwezi.

Wataalamu wa elimu ya mazoezi wamefika mahali hapo kwa njia yao wenyewe. Wao hutenga mzigo wa nje, yaani kazi aliyoamriwa mchezaji (dakika ngapi, kilomita ngapi, mbio za kasi mara ngapi), na mzigo wa ndani, yaani jinsi mwili ulivyoipokea kazi hiyo: mapigo ya moyo, pumzi, joto, maumivu ya misuli, na hata hisia ya mwenyewe. Jambo kubwa walilolisisitiza, hasa Franco Impellizzeri na wenzake wa Italia katika maandiko yao ya mwaka 2005, ni kwamba kiubadilishacho mwili ni mzigo wa ndani. Mzigo wa nje ni njia tu ya kuuleta. Kocha huamuru wa nje, lakini mchezaji hujengeka au hubomoka kwa wa ndani.

Mafinga ina mfano mzuri wa habari hii. Katika mji huo iko kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, jeshi lililoanzishwa mwaka 1963, na vijana wengi wa Tanzania waliopitia jeshi hilo, au waliosoma shule za nchi hii, wanaujua mchakamchaka wa alfajiri. Neno lenyewe laiga sauti ya miguu mingi ikipiga ardhi pamoja. Katika mchakamchaka mwendo ni mmoja, wimbo ni mmoja, njia ni moja. Mzigo wa nje ni sawasawa kwa kila aliye katika mstari, na hilo ndilo kusudi lake, kwa sababu mchakamchaka hufundisha umoja kabla ya kufundisha mapafu. Bali ukiwatazama wanaporudi utamwona mmoja angali akiimba na mwingine ameinama, mikono magotini. Kwa yule wa kwanza yalikuwa matembezi. Kwa wa pili ilikuwa kazi ya kufikia ukomo wa nguvu zake. Timu nyingi zimeurithi utaratibu huu pasipo kuuliza kama makusudi ya timu ya mpira ni yale yale ya gwaride.

Uso huo wa pili wapimwaje? Chombo cha kuhesabu mapigo ya moyo chafaa, ila si kila timu inacho. Gunnar Borg, mtaalamu wa saikolojia wa Sweden, aliona katika miaka ya 1960 kwamba mtu aliyezoezwa kidogo aweza kueleza kwa nambari jinsi kazi inavyomlemea, na kwamba nambari hiyo hufuatana vema na moyo wake. Kipimo chake cha kwanza kilianzia 6 na kuishia 20, ili nambari ikizidishwa kwa kumi ikaribie mapigo ya moyo wa kijana mwenye afya. Baadaye ikaja mizani ya kuanzia 0 hadi 10. Carl Foster wa Marekani akairahisisha hata mwalimu wa shule ya msingi aweza kuitumia: nusu saa hivi baada ya mazoezi muulize mchezaji ilikuwa ngumu kiasi gani, kisha zidisha jibu lake kwa dakika alizofanya kazi. Dakika 60 zilizohesabiwa 5 ni 300. Dakika 90 zilizohesabiwa 7 ni 630. Katika mwaka 2004 Impellizzeri na wenzake waliijaribu njia hii kwa wachezaji vijana wa mpira wa miguu, wakaona hesabu zake zafuatana na zile za mapigo ya moyo. Haihitaji umeme. Yahitaji daftari, kalamu, na mchezaji asiyeogopa kusema kweli, na hilo la mwisho ndilo ghali.

Sasa, mzigo huo huufanyaje mwili kuwa na nguvu zaidi? Hapa naomba msomaji avumilie nirudi katika lugha, kwa maana lugha imekwisha kusema sehemu kubwa ya jibu. Kutokana na kuzoea twapata mazoea. Kutokana na kuzoeza, kitenzi cha kusababisha, twapata zoezi na mazoezi. Mazoezi basi ni mambo ambayo kwayo mwili unazoezwa kazi, na mazoea ni hali ya mwili uliokwisha kuizoea. Moyo uliolemewa mara kwa mara hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Maji ya damu huongezeka. Mishipa midogo huzidi katika misuli, na vile viwanda vidogo sana vilivyo ndani ya misuli, vinavyochoma chakula kwa oksijeni, huongezeka pia. Lakini mwili haufanyi haya bure. Huyafanya kwa sababu umesumbuliwa. Siku kazi ile isipousumbua tena, huacha kuongeza. Kwa kifupi, mazoezi yaliyogeuka kuwa mazoea hulinda kilichopo wala hayaleti kipya. Kocha awakimbizaye wachezaji wake mizunguko kumi ile ile kutoka Januari hadi Juni anawapa mazoea, ijapokuwa ratiba yake imeandikwa mazoezi.

Wala si lazima kitakachoongezwa kiwe urefu wa kazi. Jan Helgerud na wenzake wa Norway walitangaza mwaka 2001 habari za vijana wachezaji ambao, mara mbili kwa juma kwa muda wa majuma manane, walikimbia vipindi vinne vya dakika nne nne, moyo ukipiga sehemu 90 hadi 95 katika mia ya upeo wake, na kati ya vipindi wakikimbia pole pole dakika tatu. Kiasi kikubwa kabisa cha oksijeni ambacho miili yao iliweza kutumia kilipanda kutoka mililita 58.1 hadi 64.3 kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Katika mechi walikwenda umbali uliozidi ule wa kwanza kwa sehemu 20 katika mia. Kazi kali yenyewe ilikuwa dakika kumi na sita tu kila mara. Nimewasomea makocha wawili habari hizi, na wote wawili walidhani nimekosea kusoma.

Waandishi wa habari za michezo hawalipendi sana neno mazoezi. Wao hupenda mafumbo ya kiwandani. Timu "inajifua" kwa ajili ya ligi, na kocha "anakinoa" kikosi chake. Mafumbo haya mawili hutumika kana kwamba ni kitu kimoja, bali hayapatani hata kidogo. Mhunzi afuaye chuma hukitia motoni, hukipiga, kisha hukiacha kipoe. Chuma chatoka kikiwa na umbo na ugumu kisichokuwa nao. Anoaye kisu hafanyi hivyo. Kila anaponoa, chuma hupungua. Makali yapatikana kwa kupoteza, na kisu kinachonolewa kila siku huisha kikabaki mpini. Mwanzoni mwa msimu mchezaji anahitaji kufuliwa, karibu na mechi kubwa anahitaji kunolewa kidogo, na makosa mengi niliyoyaona ni ya watu wanaonoa miezi kumi mfululizo wakiamini wanafua.

Habari ya kupoa ndiyo inayosahauliwa. Katika Kiswahili shina moja, pum-, limezaa kupuma, yaani kupiga kwa mshipa au moyo, kupumua, pumzi, na kupumzika. Moyo, hewa na raha vimekaa chini ya paa moja. Elimu ya mazoezi ya siku hizi ingependa sana kuwa na maneno ya namna hiyo. Eric Banister, aliyefundisha Kanada, pamoja na wenzake, alipendekeza katika miaka ya 1970 kwamba kila mzigo huacha mwilini vitu viwili kwa wakati mmoja: utimamu na uchovu. Vyote viwili hupungua kadiri siku zipitavyo, ila si kwa mwendo mmoja. Uchovu huwa mkubwa zaidi mwanzoni, na hupungua upesi, kwa muda uhesabiwao kwa siku kama 7 hadi 15. Utimamu huwa mdogo zaidi lakini wakawia, kwa muda unaokaribia siku 40 au zaidi. Uwezo tunaouona kiwanjani ni utimamu ukiondoa uchovu. Mchezaji aliyefanya kazi sana juma hili aweza kuwa ameongeza utimamu wake na hali aonekana goigoi, kwa kuwa uchovu umeufunika kama ukungu wa asubuhi unavyoifunika milima ya Mufindi. Mzigo ukipunguzwa, ukungu huondoka kwanza. Asiyejua haya huona goigoi lile, husema "hana pumzi," kisha huongeza mizunguko.

Baada ya mechi hali ni ya namna hiyo hiyo. Katika dakika 90 mchezaji wa kulipwa huenda kilomita 10 hadi 13, na akiba ya sukari iliyo katika misuli hupungua sana. Kuirudisha huchukua siku mbili, na mara nyingine tatu, hata kwa mtu alaye vema. Tena timu za Nyanda za Juu Kusini husafiri kwa basi. Anayetoka Mbeya kwenda kucheza Dar es Salaam hukaa njiani mchana mzima, magoti yamekunjwa, na saa hizo haziandikwi katika daftari lolote la mazoezi. Bila shaka si mzigo wa nje kwa maana ya kilomita alizokimbia. Mwulize lakini jinsi alivyolala.

Limebaki jambo la mahali. Mafinga iko juu ya bahari kwa mita zaidi ya 1,800, na Mbeya, yenye uwanja wa Sokoine, kwa mita 1,700 hivi. Hewa ya huku si haba ya oksijeni kwa sehemu zake. Ila ni nyepesi, msukumo wake ukiwa kama sehemu 80 katika mia ya ule wa pwani, na kwa hiyo kila mvuto wa pumzi huleta oksijeni pungufu. Jon Wehrlin na Jostein Hallén walipima wanariadha wa mbio ndefu wakaona mwaka 2006 kwamba uwezo wa kutumia oksijeni hushuka kwa kiasi cha sehemu 6.3 katika mia kwa kila mita 1,000, kuanzia mita 300. Kwa hesabu hiyo mtu atokaye pwani akija Mafinga hupungukiwa na sehemu 9 au 10 katika mia siku anayoshuka garini. Mizunguko ile ile, mwendo ule ule, moyo mwingine. Hapa mzigo wa nje haukubadilika hata kidogo, na mzigo wa ndani umepanda kwa sababu ya barabara ya Kitonga. Kocha mwenye busara angepunguza kazi kwa siku za kwanza. Asiye na busara huwaambia wageni wameharibiwa na maisha ya Dar es Salaam.

Kinyume chake pia ni kweli, na husemwa mara chache. Lipuli ya Iringa ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019, ilishuka kucheza na Azam katika uwanja wa Ilulu, Lindi, ikafungwa bao moja kwa bila. Sisemi joto ndilo lililofunga bao. Nasema tu kwamba mtu wa nyanda za juu ashukaye pwani huingia katika hewa nzito ya pumzi lakini yenye joto na unyevu, jasho halikauki, moyo hugawa damu kati ya misuli na ngozi, na mwili wahitaji siku kumi hadi kumi na nne kuyazoea hayo. Mlima haumpi mtu utimamu wa kila mahali. Wanaojivunia hewa nyepesi ya Mbeya wakumbuke kwamba Tukuyu Stars, waliotoka wilaya ya Rungwe wakatwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1986, walilazimika kushinda na huko bondeni.

Nimetumia neno utimamu mara nyingi, nami sina budi kulitetea kidogo. Kambini husemwa ukakamavu. Mitaani husemwa yuko fiti, au ana pumzi, au ana stamina. Ukakamavu watoka katika kukakamaa, na kukakamaa ni kuwa mgumu usiopindika: neno zuri kwa askari aliye lindoni, si zuri kwa winga. Pumzi ni sehemu tu ya jambo. Utimamu, neno ambalo sasa lasikika sana katika habari za michezo, wasema kwamba hapana kilichopungua, kama vile mwenye akili timamu hakupungukiwa na akili. Mchezaji aweza kuwa na pumzi tele na nyama za paja zilizochoka. Huyo si timamu.

Na sasa yule kijana. Alikuwa beki wa kushoto, mwepesi, na timu moja kubwa ilikuwa imekubali kumwona katika majaribio mwisho wa mwezi. Majuma mawili kabla ya mimi kumjua alikuwa ameugua malaria. Alirudi kiwanjani akapewa mzigo wa wenzake. Jioni moja, kwa udadisi tu, niliwauliza wachezaji nambari zao baada ya mbio za dakika 50. Jirani yake alisema 4. Yeye alitazama kwanza alikokuwa kocha, kisha akasema 8. Kwa hesabu ya Foster mmoja alibeba 200 na mwingine 400, na katika ratiba ya kocha wote wawili walikuwa wamefanya "mbio, dakika 50." Kocha huyo hakuwa mtu mkatili. Alimwona kijana akibaki nyuma, akatafuta neno la hali hiyo, na neno alilolipata katika lugha yake lilikuwa uvivu. Akamwongezea mizunguko. Juma la tatu nyama za paja zilichanika, na siku ya majaribio kijana alikuwa amekaa ukutani, mguu umenyooshwa juu ya tofali.

Kuna hesabu ambayo huenda ingemwonya. Tim Gabbett wa Australia aliandika mwaka 2016 kwamba tulinganishe mzigo wa juma hili na wastani wa majuma manne: ukiwa kati ya 0.8 na 1.3 hatari ya kuumia ni ndogo, ukipita 1.5 hatari yapanda. Impellizzeri na wengine wameikosoa vikali, nami naona ukosoaji wao una haki, maana uwiano huo waweza kudanganya na hauthibitishi kwamba mzigo ndio uliomjeruhi mtu. Lakini mantiki yake ya chini kabisa haihitaji uwiano. Mtu aliyelala kitandani majuma mawili ana wastani mdogo. Mzigo wa kawaida kwake ni mruko.

Napendekeza basi kwa wenzangu watungao istilahi kwamba kazi ya mazoezi, au mzigo wa kazi, ibaki kwa kile alichoamuru kocha, na kwamba uso wa pili tuupe nomino yake: mlemeo, kutokana na kulemea, kama mwelekeo ulivyotokana na kuelekea. "Kazi ilikuwa dakika 50, mlemeo 8." Mwenzangu mmoja amepinga, akisema sikio la mwanamichezo litalisikia neno hilo karibu mno na ulemavu, nami nakiri pingamizi hilo lina uzito. Nilipolijaribu Mafinga, mmoja aliniuliza kama ni ugonjwa. Kocha yule hajalikubali hata leo. Lakini nilipopita tena alikuwa na daftari la kurasa za mistari, majina upande mmoja na nambari upande wa pili, na baada ya mazoezi alikuwa akienda kwa mchezaji mmoja mmoja, mbali kidogo na wengine, akiuliza, "Imekulemea ngapi?" Naona swali hilo, lenye kitenzi kitupu, litafika viwanjani kabla ya nomino yangu.